Hivi nani anahesabu vidole vya saidia fundi?



Mnaikumbuka ile sarakasi? Ilikuwa Mei 2022, bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikijadiliwa kule Dodoma. Flatei Massay, wakati huo mbunge wa Mbulu Vijijini, alichoka kuongea. Alilalamika weee kwamba barabara ya lami ya kwao imeahidiwa mpaka basi, kisha akaruka sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge. Nchi nzima tukacheka, video ikazunguka kwenye simu, na nadhani watoto wengi wa Dar ndiyo kwanza wakajua kuna mahali panaitwa Haydom.

Mwaka mmoja baadaye, 16 Juni 2023, Serikali ikasaini mikataba ya barabara 7 zenye jumla ya km 2,035 kwa ule mtindo wa EPC+F, yaani mkandarasi asanifu, anunue, ajenge na atafute fedha mwenyewe kwanza. Karatu–Mbulu–Haydom–Sibiti–Lalago–Maswa, km 389, ilikuwamo. Longolongo za baada ya hapo ni mada ya siku nyingine.

Sina ugomvi na sarakasi. Watu wa Mbulu wamekula vumbi vya kutosha, na masika yakianza gari la mgonjwa linakwama kwenye tope kama gari la mahindi. Lami waipate. Ila kuna swali moja sijawahi kumsikia mbunge, diwani wala mwandishi mwenzangu akiliuliza kwa sauti. Kwenye ujenzi wa Serikali unaofanyika Mbulu na Hanang, madarasa, zahanati, mitaro ya maji, makalavati, barabara, mwaka jana waliumia watu wangapi?

Sisemi waliokufa tu. Nasema walioumia. Aliyekatwa kidole akichana mbao za kenchi. Aliyeteleza na ndoo ya zege kwenye ngazi ya miti. Aliyefukiwa na udongo mpaka kiunoni kwenye mtaro wa bomba, akavutwa na wenzake, wakacheka, kazi ikaendelea.

Ukiuliza utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza, "hatuna taarifa hizo." La pili, ambalo hutolewa kwa kujiamini zaidi, "hatujawahi kupata ajali." Jamani, hilo ni jibu lile lile, la pili limevaa tai tu. Kuna sifuri inayotoka kwenye daftari, mtu amefungua kila siku, ameandika tarehe, ameandika "hakuna aliyeumia," ametia saini. Hiyo ni sifuri ya kujivunia. Na kuna sifuri ya kutokuwa na daftari kabisa. Sisi kwa miaka mingi tunatembelea hiyo ya pili.

Wala tusisingizie sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ipo tangu 2003, ilichukua nafasi ya ile ya viwanda ya enzi za mkoloni. OSHA, wakala anayeisimamia, ipo tangu 2001. Sheria inataka mahali pa kazi pasajiliwe, inataka wafanyakazi wapimwe afya, inataka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue mwakilishi wa usalama na afya, inataka ajali zitolewe taarifa. Mwaka 2015 zikaja kanuni maalumu za sekta ya ujenzi. Mwaka huo huo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi, na huo kwa kweli ulikuwa ukombozi, maana kwa sheria ya zamani mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu hakulipwa zaidi ya Sh 108,000. Ndiyo, umesoma vizuri. Laki moja na elfu nane, mguu umekwenda.

Kwa hiyo karatasi ziko. Mikataba mikubwa ya barabara nayo inajitosheleza. Mingi inafuata mtindo wa FIDIC, na ndani yake kuna kifungu kinachomtaka mkandarasi awe na ofisa wa kuzuia ajali pale saiti, amtaarifu mhandisi kila ajali inapotokea, na atunze kumbukumbu za afya, usalama na ustawi wa watu. Ndiyo maana ukipita kwenye kazi kubwa ya lami unakuta angalau binti ameshika kibendera chekundu na vijana wamevaa vizibao vinavyong'aa. Kama kumbukumbu nyuma ya vizibao hivyo ni za kweli au za kumfurahisha mshauri wa mradi, hilo tuliweke akiba. Nije kwenye kilichonifanya niandike leo.

Kilichonifanya niandike ni fosi akaunti.

Kwa wale wa mjini ambao neno hili wanalisikia kwenye taarifa ya habari tu: fosi akaunti ni pale Serikali inapojenga bila kumpa kazi mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Makandarasi. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule au ya kituo cha afya. Zinaundwa kamati, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi ya vifaa. Anatafutwa fundi wa hapo hapo, anasainishwa mkataba wa ufundi tu, nguvu zake na vijana wake. Saruji, nondo na bati ananunuliwa na kamati. Mhandisi wa halmashauri anapita akipata gari.

Utaratibu huu una sifa zake na sitaki kuwa mnafiki. Darasa linapatikana kwa bei ndogo, fedha inabaki kijijini, fundi wa Endasak anapata kazi ambayo zamani ingekwenda kwa kampuni ya Arusha. Oktoba 2021 Rais Samia alipozindua kampeni ya fedha za UVIKO-19, mkopo wa IMF wa Sh trilioni 1.3, yalipangwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, milioni 20 kwa darasa, na Januari watoto waingie. Bila mafundi wa mtaani yasingesimama kwa wakati. Wakuu wa wilaya walishinda saiti, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kukabidhi.

Sasa jiulize. Kwenye mbio zile, wiki chache, mchana na usiku kwa taa za jenereta, nchi nzima, vijana wa saidia fundi maelfu kwa maelfu wakipandisha zege juu ya miti iliyofungwa kwa misumari na kamba... waliumia wangapi? Tunajua madarasa mangapi yalikamilika. Tunajua shilingi ngapi zilitumika. CAG kila mwaka anaandika mapungufu ya fosi akaunti: manunuzi yasiyofuata taratibu, vifaa visivyoonekana, usimamizi hafifu. Vidole havimo.

Niliwahi kumuuliza mwalimu mkuu mmoja, shule siitaji, ambaye shuleni kwake kulikuwa kunajengwa madarasa mawili. Nikamwambia, shikamoo mwalimu, naomba kuona daftari la ajali za hapa saiti. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwanangu, mimi hapa nina leja ya saruji, nina ya nondo, nina ya misumari. Nina kitabu cha wageni, umesaini mwenyewe. La walioumia hakuna aliyeniletea, wala sijawahi kuulizwa." Halafu akanionyesha hiyo leja ya saruji. Wadau, ilikuwa safi! Mfuko mmoja mmoja, tarehe, nani ametoa, nani amepokea, saini mbili. Mfuko uliopasuka njiani umeandikwa umepasuka, na maelezo.

Mfuko wa saruji ukipasuka unaandikwa. Mtu akipasuka haandikwi.

Simlaumu mwalimu yule. Anajua akipotea mfuko mmoja atahojiwa, mpaka TAKUKURU watakuja. Akivunjika mguu kijana mmoja hatahojiwa na mtu. Mwalimu amesomea kufundisha hesabu na Kiswahili, leo amegeuzwa msimamizi wa ujenzi, na hakuna aliyemwambia kwamba amegeuzwa pia kuwa mwajiri. Au hajageuzwa? Hapo ndipo penye utamu wote wa fosi akaunti. Mwajiri ni nani? Fundi mkuu atasema yeye kalipwa nguvu tu. Kamati itasema fundi ndiye aliyekuja na vijana wake. Mkuu wa shule atasema fedha ni za halmashauri. Halmashauri itasema mradi unasimamiwa na shule. Saidia fundi aliyelala na mguu wenye plasta hana kwa kwenda, kwa sababu kila mlango unamwelekeza mlango mwingine.

Mimi si mwanasheria, lakini akili ya kawaida inaniambia hivi: mwenye mradi akiamua kumwondoa mkandarasi katikati, basi amevaa viatu vya mkandarasi yeye mwenyewe. Huwezi kuchukua faida ya mkandarasi, ile asilimia uliyookoa, halafu majukumu yake ukayaacha yaning'inie hewani. Halmashauri ndiyo mwajiri, na daftari ni lake.

Fuatilia sasa safari ya kijana huyo. Ameanguka kutoka kwenye ukingo wa ukuta siku ya kuezeka, huku Mbulu juu upepo haupigi hodi, bati moja likishikwa vibaya linakubeba. Wenzake wanampakia kwenye bodaboda, mmoja kamshika kwa nyuma. Zahanati wanamfunga bendeji, wanasema mpelekeni hospitali. Kama ni upande wa Dongobesh au Maghang, pengine ataishia Haydom, hospitali ya Walutheri iliyopo tangu 1955 na ambayo imeunga mifupa ya watu wa pande hizo kwa vizazi. Anaulizwa kimemtokea nini. "Nimeanguka." Mhudumu anaandika "ameanguka." Kwisha habari. Neno "kazini" limebaki mdomoni kwa kijana, na maneno "saiti ya Serikali" hayajazaliwa kabisa. Ndugu wanauza mbuzi. Kesho yake saiti kuna kijana mwingine amesimama mahali pake, maana saidia fundi ni wengi kuliko koleo.

WCF? Mfuko upo, na mwajiri anauchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Lakini madai yanataka mwajiri, yanataka taarifa ya ajali, yanataka uthibitisho kwamba siku ile ulikuwa kazini, na yana muda wake wa kuwasilishwa. Kijana ambaye jina lake halimo hata kwenye daftari la mahudhurio atathibitisha nini? Daftari ndilo daraja kati ya mguu uliovunjika na fidia. Ndiyo maana nalipigia kelele. Najua kwa wengi neno "kumbukumbu" linaleta usingizi.

Wakubwa nao walitufundisha mchezo huu. Bwawa la Hoover kule Marekani lilijengwa miaka ya 1930 na kundi la makampuni kwa mkataba wa serikali. Idadi rasmi ya waliokufa kazini ni 96. Pembeni kuna wengine 42 walioandikwa wamekufa kwa nimonia. Ajabu ni kwamba nimonia hiyo iliwapenda wafanyakazi waliokuwa wanachimba mahandaki yaliyojaa moshi wa magari, raia wengine wa mji ule ikawapita. Wengi wanaamini ilikuwa sumu ya hewa chafu iliyobatizwa jina, kwa sababu nimonia hailipiwi fidia. Hata hivyo angalia: tunaweza kubishana leo kuhusu wale 42 kwa sababu mtu aliwaandika. Uongo ulioandikwa unaweza kuukamata hata baada ya miaka 90. Kisichoandikwa hukikamati.

Rudi hapa kwetu Manyara. Machi 2008 maji ya mvua yalifurika kwenye mashimo ya tanzanite Mirerani, wilaya ya Simanjiro, makumi ya wachimbaji wakafa. Kwa siku kadhaa idadi ilikuwa inapanda na kushuka, kwa kuwa hapakuwa na orodha ya uhakika ya nani alishuka zamu ile. Dar es Salaam 29 Machi 2013, ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi likaporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 ghorofa la Kariakoo likaanguka na kuua zaidi ya 20. Kila mara tunaanza kwa kuulizana, jamani ndani mlikuwa wangapi? Swali hilo lilitakiwa lijibiwe saa mbili asubuhi, kabla ya zege la kwanza.

Na si kwamba Serikali haijui kuhesabu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, tulihesabu ndugu zetu mmoja baada ya mwingine mpaka tukafika 89. Waliopona wakaorodheshwa, nyumba zilizobomoka zikaorodheshwa, misaada ikaorodheshwa, na baadaye zikajengwa nyumba zaidi ya 100 pale Waret kwa ajili ya waathirika. Kazi nzuri. Wale waliozijenga nyumba hizo, wangapi waliumia? Kama jibu ni sifuri nitafurahi kwa dhati. Nataka tu kujua ni sifuri ya aina gani.

Sasa kuna watu nawasikia. "Ndugu mwandishi, unaleta mambo ya Ulaya kijijini." Haya. Kule Marekani mkandarasi anayejenga chini ya Jeshi la Wahandisi haanzi kazi mpaka awasilishe mpango wa kuzuia ajali na ukubaliwe. Na OSHA yao (majina yamefanana) ina fomu namba 300 ya kuandika kila aliyeumia, na muhtasari wake unabandikwa ukutani kuanzia 1 Februari hadi 30 Aprili, kila mfanyakazi aone. Vitabu vyao ni vinene, sisemi tuvibebe vyote mpaka Balangdalalu. Darasa mbili na ofisi hazihitaji kitabu. Zinahitaji ukurasa mmoja.

Ukurasa wenyewe ni huu. Kazi ya msingi: hatari ni kuta za shimo kuporomoka, kwa hiyo udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja, hakuna mbavu zinazobeba hiyo. Mtaro wa bomba ukizidi kimo cha kifua, kuta zikatwe kwa mteremko au zishikiliwe kwa mbao, na mtu asiwe peke yake mle ndani. Kazi ya lenta na kuezeka: jukwaa lifungwe na nani, likaguliwe na nani kila asubuhi, na upepo ukizidi nani ana mamlaka ya kusema shukeni. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kwenye saiti zetu kila mtu ana mamlaka ya kusema harakisheni, hakuna mwenye mamlaka ya kusema shukeni. Chini ya ukurasa: namba ya simu ya zahanati, gari litatoka wapi, sanduku la huduma ya kwanza lipo kwa nani. Fundi mkuu anasaini, mhandisi wa halmashauri anasaini, unabandikwa kwenye mlango wa stoo. Kwa Kiswahili, tafadhali. Nimeona mabango ya usalama yaliyoandikwa Kichina na Kiingereza saiti ambayo vijana wote wanaongea Kiiraqw na Kibarbaig.

Na daftari? Lile lile la Counter Book analotumia mwalimu kwa saruji. Tarehe, jina, alikuwa anafanya nini, kilichotokea, alipelekwa wapi, siku ngapi hakufanya kazi. Ongeza na nusura, zile ajali ambazo zilikuwa zitokee zikakosa kosa, nyundo iliyoanguka hatua moja kutoka kichwani kwa mtu. Mmarekani mmoja aliyefanya kazi kwenye bima, Heinrich, aliandika mwaka 1931 kwamba kwa kila jeraha kubwa moja kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyojeruhi mtu. Wataalamu wa leo wanabishana sana na hizo namba zake, lakini fundi yeyote mkongwe atakuambia jukwaa halianguki ghafla, linakuwa limelia siku tatu.

Wenye aleji na hesabu rukeni aya hii. Ukiwa na daftari la ajali na la mahudhurio unaweza kulinganisha saiti na saiti. Tuseme saiti ina watu 20, saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 10. Hizo ni saa 9,600 za kazi. Wameumia 2. Unazidisha 2 kwa 200,000, ambazo ni saa za watu 100 kwa mwaka, unagawanya kwa 9,600. Inakuja karibu 42 kwa kila wafanyakazi 100. Ujenzi wa Marekani wastani uko kati ya 2 na 3. Mfano wangu ni wa kufikirika, lakini mnaona jinsi watu wawili tu, ambao kwenye saiti ndogo wangesahaulika kwa wiki, wanavyogeuka kuwa kashfa ukiwapigia hesabu. Pengine ndiyo sababu hatuipigi.

Wanasema pia hakuna fedha. Kofia ngumu bei yake haiachani sana na mfuko wa saruji, na kofia haiishi na darasa moja, inahamia darasa linalofuata. Shida ni kwamba kwenye makadirio ya milioni 20 watu wanatafuta mstari wa bati, mstari wa rangi, mstari wa usafiri, mstari wa posho ya kamati (huo haukosekani). Hata kwa wakandarasi rasmi ni hivyo hivyo: usalama unatupwa kwenye vitu vya mwanzo vya zabuni, mwenye kutaka kushinda anaandika sifuri au "imejumuishwa," na anayemchagua anafurahi amepata bei ndogo. Hapo namtetea kidogo mkandarasi mdogo wa darasa la sita au la saba. Ukiweka bei halisi ya majukwaa na kofia unashindwa na asiyeweka. Halafu ukishinda, Serikali inakulipa baada ya miezi na miezi. Dawa yake ni ndogo: fungu la usalama liwe kiasi maalumu kilichopangwa na halmashauri, zabuni zote ziwe nacho sawa, pasiwe na cha kushindania, na kilipwe pale tu vifaa vikionekana na daftari likionekana.

Na wanasema wakaguzi hawatoshi. Hilo nakubali. Ofisi ya OSHA ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, na kutoka Arusha mpaka Bassotu au Yaeda Chini ni safari, si matembezi. Hakuna mkaguzi atakayefika kila darasa la shikizi. Lakini leo hii manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa NeST, mpaka fundi wa kijijini anaambiwa ajisajili humo. Kama mfumo unaweza kumtafuta fundi wa Measkron mpaka ukapata namba yake ya mlipakodi, unashindwaje kuwa na kisanduku kimoja kinachouliza: tangu malipo yaliyopita, wameumia wangapi, majina yao nani? Usipojaza, malipo hayatoki. Mtaona daftari zitakavyopatikana kwa wiki moja.

Wafadhili wanalijua hilo. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi wa barabara kule Kamwenge, Uganda, baada ya wafanyakazi wa mkandarasi kuhusishwa na unyanyasaji wa wasichana wadogo. Kutoka hapo masharti yake kwa makandarasi kuhusu jamii, afya na usalama yakakazwa, na taarifa za matukio zikaanza kudaiwa kweli kweli. Inaniuma kwamba hela ya mkopo inalindwa kwa masharti makali kuliko hela ya kodi yetu wenyewe, inayojenga kwa mikono ya watoto wetu wenyewe.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakurugenzi watatu: Mbulu Mji, Mbulu Vijijini na Hanang. Kwenye mbao zenu za matangazo mnabandika mapato na matumizi. Bandikeni na karatasi moja zaidi, kila robo mwaka: miradi iliyojengwa, idadi ya waliofanya kazi, walioumia, siku zilizopotea, waliofikishwa WCF. Madiwani wa Tlawi, Daudi, Bashay, Dumbeta, ulizeni kwenye baraza. Swali ni fupi, halihitaji sarakasi.

Na ninyi wasomaji mlioko huko au mnaokwenda likizo, fanyeni hivi. Shule ya kijijini kwenu ikiwa inajengewa chochote, ingia, salimia, saini kitabu cha wageni, uliza daftari la walioumia. Kama lipo, niandikie, nitalisifia hapa kwa jina la shule na herufi kubwa. Kama halipo, niandikie pia, na uniambie leja ya saruji imefika ukurasa wa ngapi.